Jamani, Chujio la Ukwaju Linauzwa Wapi?

Sisi tunaochuja juisi tuna neno na kila anayetengeneza, anayeagiza au anayetandaza machujio barabarani. Hatuombi mtambo. Tunaomba duara la chuma, wavu na mpini, vikae pamoja ili juisi ipite na kokwa zibaki. Hicho tu kimeshindikana, na mwaka hadi mwaka tunarudi sokoni kununua kilekile kilichotukera.

Wala tusiambiwe kuwa ni kilio cha mtu mmoja mwenye mkono mzito. Kaa na kina mama wa juisi wa Mbagala, pita kwa wauza ukwaju wa Darajani, sikiliza majirani wa Kisauni wanapoandaa futari. Kila jiko lina chujio lenye ulemavu wake. Moja mpini umefungwa kwa waya. Jingine limestaafishwa, sasa linafunika maziwa nzi wasiingie. La tatu limepata tundu upande mmoja, na mwenyewe analiinamisha kwa ustadi ili juisi ipitie upande mzima.

Tuanze na mahali chujio linapofia. Ni nadra wavu kukatika katikati. Unachomoka ukingoni. Ukilitazama chujio la bei ya chini utaona kwamba wavu umeingizwa tu kwenye bati jembamba lililokunjwa, ukabanwa. Haukuchomelewa, wala hapakuwekwa waya mnene wa kuushikilia. Kwa chai haidhuru, maana chai inamiminwa na kupita yenyewe. Lakini nani huku kwetu anachuja chai peke yake?

Matunda yanataka nguvu. Ukwaju ukishalowekwa na kufikichwa, unaletea wavu kokwa, nyuzi na vipande vya maganda, na lile rojo halipiti mpaka lisukumwe kwa mwiko. Pera lina mbegu ndogo ngumu zinazokwama kwenye matundu, mpaka ugonge ukingo wa chujio kwenye ndoo, na kila ukigonga mpini unalegea. Pasheni inataka kuzungushwa na kukandamizwa ili ute uachane na mbegu. Stafeli ndilo balaa lenyewe: nyama yake ni nyuzinyuzi, inajikunja juu ya wavu na haitaki kwenda popote. Na msimu wa maembe ukifika, yale maembe ya nyuzi yanaziba kila tundu. Kazi yote hii tunaifanyia juu ya wavu uliobanwa kwa bati la kukunja. Halafu ukilalamika unaambiwa, “Mama, unatumia nguvu sana.” Tutumie nini, dua?

Likishaanza kuchomoka, hasara si ya chujio tu. Zile nyuzi nyembamba za chuma zinakatika kidogokidogo, na kipande cha waya ndani ya bilauri ya juisi ya embe hakionekani. Anayekinywa ni mtoto, au ni mteja atakayetangaza mtaa mzima kwamba juisi ya fulani ina misumari.

La pili ni ukubwa. Ndoo ya lita 20, ambayo ndiyo kipimo cha biashara ya juisi, ina mdomo unaokaribia sentimita 30. Chujio tunalouziwa linatosha jagi. Kile kisikio cha mbele kilichowekwa ili lijishikize kwenye chombo hakifiki ukingo wa pili, kwa hiyo mtu analishika kwa mkono mmoja, anasukuma kwa mkono wa pili, na ndoo anaibana kwa magoti. Mkono ukichoka, chujio linatumbukia pamoja na makapi yote, na kazi inaanza upya.

La tatu ni kutu, na hapa ndipo tunapodanganywa kwa macho makavu. Muuzaji analing’arisha kwa kitambaa, analigonga kwa ukucha, anasema, “Hii stenlesi orijino, dada, jaribu na sumaku.” Tunajaribu. Sumaku haishiki, tunalipa, tunaondoka tumeridhika. Baada ya muda alama za kahawia zinatokea pale wavu unapoingia kwenye bati, mahali ambapo maji hubaki hata ukifuta.

Ndugu zetu, sumaku haijui kusoma. Stenlesi ziko za aina nyingi. Ile ya namba 304 ina kromu ya asilimia 18 hivi na nikeli ya asilimia 8 hivi, na ndiyo inayovumilia vitu vichachu. Ile ya namba 201 imepunguzwa nikeli ikaongezewa manganizi. Bei inashuka, na uwezo wa kuhimili kutu unashuka nayo. Zote mbili kwa kawaida hazishikwi na sumaku. Tena hata 304 nzuri, ikishavutwa kuwa waya mwembamba, inaweza kuvutika kidogo. Basi sumaku inaweza kumfichua mtu aliyepaka kromu juu ya chuma cha kawaida, lakini haiwezi kukuambia kama hiyo stenlesi itaumudu ukwaju. Anayejua ni kiwanda, na kiwanda kimebandika karatasi yenye picha ya nyanya na neno moja la sifa, basi.

Hapa pwani tuna hewa ya chumvi, tuna ukwaju, tuna ndimu. Na tukubaliane pia kwamba ile dawa ya kung’arishia nguo nyeupe, yenye klorini, inaitoboa hata stenlesi nzuri ikilowekwa humo usiku kucha. Hilo lingeandikwa kwenye karatasi badala ya picha ya nyanya, tungelisoma.

Linalotuuma zaidi ni mchezo wa mzigo wa kwanza. Chujio jipya likiingia sokoni, la kwanza huwa la maana: zito, mpini umeshonwa kwa chuma mara mbili. Tunasifiana, tunaelekezana duka. Mzigo wa pili unakuja na karatasi ileile na rangi ileile, lakini ukilinyanyua unahisi limekonda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa wa machujio wametia maji mpaka kwenye chuma.

Kwa kuwa hatuna pa kukimbilia, kila mtu amejitungia ufumbuzi. Wapo waliorudi kwenye kitambaa cheupe cha pamba: kinachuja vizuri mno, lakini kinataka kukamuliwa kwa mikono miwili, na rojo zito la embe kinalizuia pamoja na nyuzi zake. Wapo wenye chujio la plastiki lenye wavu wa nailoni: kutu halijui, ila fremu inapasuka, na ukilimiminia maji ya moto linajikunja. Wapo, Mungu atusamehe, wanaokata kipande cha chandarua. Jamani, vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya kuua mbu. Hicho si chombo cha jikoni hata kiwe kipya.

Na wapo bibi zetu, wanaotutazama tu. Wao walikuwa na kifumbu kilichosukwa kwa ukindu, wakakamulia tui kwa nguvu zao zote, na hakikuwa na ukingo wa kuchomoka kwa sababu chote kilikuwa msuko mmoja. Kilitaka kuoshwa na kuanikwa vizuri kisije kikaota ukungu, na juisi ya ndoo nzima kingeichelewesha. Lakini aliyekisuka alijua kitakamuliwa, akakisuka kwa ajili ya kukamuliwa. Mtengenezaji wa chujio letu anajua nini?

Kuna watakaosema twendeni kwenye sheria. Ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Vizuri sana. Sasa nani atapanda daladala, aache ndoo ya juisi juani, aende kufungua shauri la chujio la Sh 3,000? Risiti yenyewe, kama ulipewa, imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wanajua kabisa kwamba hasara ya kila mmoja wetu ni ndogo mno kuipigia kelele. Zikijumlishwa zetu wote ndiyo faida yao.

Basi tukielekezana wenyewe kwa wenyewe: bonyeza wavu kwa dole gumba katikati na utazame ukingoni, ukiona unacheza, liache. Tafuta lenye wavu wa tabaka mbili, ule wa nje mnene ukiubeba ule wa ndani mwembamba. Tazama mpini unavyoingia kwenye duara: nukta mbili za kuchomelea hazitoshi, tafuta waya unaozunguka duara lote. Na anayeweza kupata chujio la pia wanalotumia wapishi wa mahoteli, la bati la stenlesi lililotobolewa matundu na lenye mchi wake wa mbao, asiulize mara mbili. Lile halina wavu wa kuchomoka, na limetengenezwa na mtu aliyejua kwamba litasukumwa.

Lakini kwa nini tulitafute kwa tochi? Mafundi wa Gerezani wanakunja bati kila siku, wale wa Kamukunji, Nairobi, vilevile. Wavu wa stenlesi huuzwa kwa mita. Fundi akitutengenezea duara la sentimita 32, lenye waya mnene, masikio mawili yanayokaa juu ya ndoo, na ukingo wa skrubu unaofunguka ili wavu ukichakaa ubadilishwe wavu peke yake, tutalipa bei ya machujio matano ya barabarani bila kunung’unika. SIDO imekuwepo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Hii ni kazi ya kiwanda kidogo, na wateja tuko tayari.

Kwa waagizaji tuna sharti moja: andikeni kwenye karatasi ni stenlesi namba ngapi, na kama chujio ni la chai, semeni ni la chai. Na kwa wauzaji tunatoa taarifa mapema. Kuanzia sasa tukija dukani tutakuja na kikopo cha ukwaju uliolowekwa, kokwa na maganda yake, pamoja na mwiko. Chujio litakalofaulu mbele ya wateja wengine tutalinunua papo hapo. Litakalochomoka ni lako, na ukwaju utatufutia mezani.