Unasoma Biashara? Biashara Ipi?

Tuko pamoja tena kwenye ukurasa wetu wa kuambiana ukweli. Mwezi huu sikuja na habari za mapenzi moja kwa moja, ingawa usishangae yakijipenyeza humo humo. Nataka tuzungumzie digrii ya biashara.

Mbona digrii? Kwa sababu kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu inageuka ofisi ya udahili. "Anti, nimefaulu mawili, nisome nini?" "Dada, mwanangu anataka BBA, hivi hiyo ni kozi ya maana kweli?" Na nyumba nyingi ninazozijua zinagombana kipindi hicho kuliko hata wakati wa kugawana urithi. Wazazi wananuniana, wachumba wananuniana, na yule atakayekaa darasani miaka mitatu hakuna aliyemuuliza.

Niliyaona haya kwa macho yangu nilipokwenda kumsalimia dada yangu Kinampanda, wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Anayeijua Kinampanda anajua sifa yake ni chuo cha ualimu. Kwa wazee wa pale, kusoma maana yake ualimu, basi. Zamani ukimaliza chuo serikali inakupangia kituo, unashika chaki, maisha yanaanza. Shemeji yangu aliishi hivyo mpaka akastaafu. Siku hizi mhitimu wa ualimu anaomba nafasi kwa ushindani kama wengine, na wapo wanaosubiri miaka. Binti yake kaliona hilo, ndipo akatamka kwamba yeye anataka biashara.

Weee! Mzee akasema kama ni biashara basi iwe uhasibu, mhasibu hakosi ofisi. Mjomba wa Singida mjini akasema ununuzi na ugavi, "huko ndiko kwenye ulaji." Na mchumba, maana mchumba naye alikuwa na kura, akatuma ujumbe kwamba masoko hapana, hiyo ni kazi ya kuzungukazunguka na mabosi, asome rasilimali watu, akae ofisini atulie. Binti mwenyewe kimya, anaosha vyombo.

Kilichoniuma si ubishi. Ada ilikuwa itoke kwenye kiinua mgongo cha mzee, yaani jasho la miaka yote ya chaki. Mtoto akiingia kozi asiyoiweza, akaanza kusapu mpaka akadisko, pesa hiyo hairudi, na upendo wa baba na mtoto nao unapata ufa. Basi jioni ile nikawaomba tuweke ubishi pembeni, tuchukue daftari, tuandike kwanza kinachotakiwa. Haya ndiyo tuliyoandika. Nawe kata ukurasa huu uuweke.

Kwanza ni kuingia. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa mtu wa kidato cha sita ni ufaulu mkuu, yaani A mpaka E, katika masomo mawili, na pointi zake zifike 4. A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo D mbili zinakuingiza, C na E zinakuingiza, lakini E mbili hazifiki, na S haimo kwenye yale masomo mawili. Hicho ndicho kizingiti cha nchi nzima. Chuo kinaweza kudai zaidi, na kozi za biashara ndizo zinazopenda kuuliza habari za hesabu: ulifaulu ya kidato cha nne? Kama umesoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, uko nyumbani, ila vyuo vingi hupokea tahasusi nyingine mradi masharti yao yametimia. TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, mmoja kwa wa kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Tafuta mstari wa kozi yako uusome mwenyewe, achana na ya mtaani. Na tangu 2017 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja.

Na kama kidato cha sita hakikukaa vizuri, au hukukifika? Usilie. Wa kidato cha nne anaanza na cheti mwaka mmoja, anaendelea na stashahada miaka miwili. Akitoka na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, mlango wa shahada uko wazi. Kwa watu wa Singida hii si safari ya mbali: Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi Singida mjini. Chuo Kikuu Huria nacho kina vituo mikoani, kwa hiyo hata mama mwenye duka na mtoto mgongoni anaweza kusoma BBA bila kuhama kwake.

Pili ni kinachofundishwa. Hapa wengi wanadanganyika na jina. Wanadhani BBA ni digrii ya kuwa bosi, unavaa suti unaketi. Mwaka wa kwanza karibu kila chuo ni mchanganyiko: kanuni za uhasibu, uchumi, hisabati za biashara, takwimu, sheria ya biashara, menejimenti, kompyuta, na stadi za mawasiliano. (Hizi za mwisho wanafunzi huzidharau. Mimi niliyesomea mawasiliano digrii nzima nakwambia, usizidharau!) Anayekimbia hesabu kwa kuingia biashara atakutana nazo hapo hapo mlangoni, na desa za kukariri hazitamwokoa kwenye takwimu. Kisha kuna mafunzo kwa vitendo, ile fildi, ambako unakaa kwenye ofisi ya watu wiki kadhaa na kuandika ripoti.

Tatu ni mchepuo. Mchepuo jamani, si mchepuko! Kuna vyuo ambavyo mchepuo umeandikwa kwenye jina la shahada tangu siku ya kujaza fomu, na vingine mnasoma pamoja kwanza ndipo mnagawanyika. Uliza mapema, kwa sababu kuhama baadaye si lelemama. Jina nalo lisikuchanganye: Mzumbe, SAUT na Chuo Kikuu Huria utakuta BBA, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam utakuta Shahada ya Biashara, BCom, iliyo ndugu yake wa damu.

Tukapitia michepuo ya wale mawakili wote, mmoja mmoja.

Uhasibu: mzee hakukosea, kila taasisi ina vitabu vya hesabu, tangu halmashauri mpaka SACCOS ya kijijini. Lakini digrii peke yake haikufanyi CPA. Bado kuna mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, nayo ina ada yake na usiku wake wa kukesha. Mzee alikuwa hajaiweka hiyo kwenye bajeti.

Ununuzi na ugavi: sheria inakutaka usajiliwe na bodi yao, PSPTB, ndipo ufanye kazi hiyo. Na ule "ulaji" wa mjomba? Tangu 2023 zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa NeST, na kila hatua inaacha alama. Anayesomea ugavi kwa ajili ya ulaji anasomea kukutana na TAKUKURU.

Rasilimali watu: mchumba alidhani ni kukaa ofisini na kutulia. Huyo afisa ndiye anayekaa na mtu anayeachishwa kazi, ndiye anayesuluhisha waliotukanana, na lazima aijue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kazi nzuri sana kwa mwenye moyo wake. Kutulia hakumo.

Masoko: hapa ndipo binti alipoinua kichwa. "Mama mdogo, kuku wa mama nani anawauza?" Kumbe ni yeye! Tangu kidato cha pili ndiye anayepatana na wachuuzi wanaopeleka kuku wa kienyeji Dar, ana bei zao kichwani, anajua mwezi gani wanashuka na kwa nini. Akatuuliza mbona mafuta ya alizeti ya Singida yanauzwa barabarani kwenye chupa za maji zilizotumika, hayana jina wala lebo, halafu mtu huyo huyo akifika mjini ananunua mafuta yenye lebo kwa bei ya juu. Swali hilo, msomaji wangu, ndiyo masoko yenyewe. Baba yake alimtazama kana kwamba mgeni kaingia ndani.

Akaandika masoko chaguo la kwanza, uhasibu la pili. Mzee hakufurahi, nisikudanganye. Alisema, "Sawa, lakini kila muhula nataka kuona matokeo, si kuhadithiwa." Binti akakubali. Nikaona hayo ni makubaliano ya haki: mwenye kutoa kiinua mgongo ana haki ya kujua kinanunua nini, na mwenye kusoma ana haki ya kuchagua anachokiweza.

Kwa wanaotegemea Bodi ya Mikopo, neno moja. Bumu ni tamu, lakini ni deni. Tangu sheria ilipobadilishwa 2016, ukiajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Ukiolewa au ukioa nalo, mwambie mwenzako kabla ya harusi. Nimeshaona ndoa changa zikitikisika kwa sababu ya karatasi ya mshahara ambayo mmoja hakuwahi kuonyeshwa.

Sasa wewe uliyeko nyumbani na fomu mezani. Kabla hujajaza, kaa na wanaokulipia ada mjibu pamoja maswali matatu. Masharti ya kozi hiyo nimeyatimiza, hesabu ikiwemo? Baada ya digrii kuna bodi yenye mitihani au usajili, na nani atalipia? Na mikono yangu tayari inajua nini: namba, watu, bidhaa, au karatasi? Hilo la tatu msimwachie mjomba alijibu.

Na ninyi wachumba wetu, tunawapenda, lakini kura yenu iwe ya ushauri. Mtu anayekuchagulia mchepuo ili asikuonee wivu, kesho atakuchagulia na kazi, na keshokutwa marafiki. Mwambie kwa upole, mapema, wakati bado mnaitana "mpenzi".

Basi kwa leo niishie hapa. Nakutakia udahili mwema, na nyumba yenye amani msimu huu wa fomu. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.