Jela Haimponyi Aliyekata Tamaa

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Kifungu hicho kilimhesabu kuwa mhalifu mtu aliyejaribu kujiua akanusurika, na kingeweza kumpeleka jela hadi miaka miwili. Asili yake ni sheria za Waingereza, ambao kwao walilifuta kosa hilo mwaka 1961. Tanzania nayo ililirithi, nalo limo katika kifungu cha 217 cha Kanuni yake ya Adhabu. Kwa maoni yangu, nalo lifutwe, maana linamweka mgonjwa mbali na tiba.

Wapo wanaosema hofu ya jela humrudisha mtu nyuma, na kwamba kuifuta adhabu ni kuhalalisha kinachokatazwa na dini. Lakini asiyeogopa kifo hatishwi na hakimu. Anayetishika ni ndugu yake, ambaye akifika hospitalini humwambia muuguzi, “Ni ajali tu.” Faili huandikwa ajali, kidonda hufungwa, na mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani bila kuulizwa yaliyomsibu. Ama dini, katazo lake halitegemei askari ili lisimame, na dini hizo hizo zinatuagiza kumjulia hali mgonjwa, si kumshitaki.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: sheria ikishafutwa, nani atawahudumia watu hao, ilhali madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno? Zimbabwe imeonyesha njia. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili, Dk. Dixon Chibanda, alianza huduma ya ushauri na bibi 14 wa Mbare, jijini Harare. Bibi hukaa na mgeni wake kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, humuuliza maswali 14 kwa Kishona, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja na hatua ya kuanzia kulitatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 kati ya waliopitia benchi, na asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida.

Benchi halimlipii mtu kodi ya nyumba, na mwenye ugonjwa mzito bado anahitaji daktari. Hata hivyo, hapa Tanzania wahudumu wa afya ya jamii tunao, nao tayari wanaingia majumbani kupima watoto na kufuatilia wajawazito. Kuwafunza kusikiliza hakuhitaji kusubiri hospitali mpya. Ila sheria itangulie kuondoka, kwani hakuna atakayemfungulia moyo mhudumu wa serikali kwa jambo ambalo serikali hiyo hiyo inaliita kosa la jinai.