Masta ya Mkupuo na Hesabu Isiyopigwa

Wazazi wengi wanaopeleka watoto Uingereza, na hata wenzetu waliokwisha kuhamia huko, wanaamini kwamba shahada inayounganisha digrii ya kwanza na uzamili ni njia ya mkato. Mtoto anaingia chuoni ametoka sekondari, anasoma neurosayansi, yaani sayansi ya ubongo na neva, kisha anatoka na masta huku wenzake wana digrii tupu. Mawakala wa vyuo, ambao hulipwa kamisheni kwa wanafunzi wanaowapeleka, hawana haraka ya kuisahihisha imani hiyo. Mimi naiita kwa jina lake: ni kununua cheo kabla ya kujua kazi.

Tupige hesabu. England, digrii ya kwanza ya sayansi ni miaka 3, na masta ya kawaida ni mwaka 1. Shahada ya mkupuo, ambayo vyuo vingi huiandika MSci, ni miaka 4. Scotland huwa 5, kwa kuwa digrii yao ya kwanza ni ya miaka 4. Mkato uko wapi? Kilichopungua ni fomu za maombi. Tena anayemaliza kwa kawaida hupewa cheti kimoja cha MSci, si viwili kama wengi wanavyodhani.

Faida ya kweli ipo, ila ni ya watu fulani. Kijana aliyekulia England na mwenye haki ya mkopo wa wanafunzi huhesabiwa kuwa wa shahada ya kwanza mpaka mwaka wa nne, hivyo hupata mkopo wa ada na wa kujikimu kama miaka iliyotangulia. Angeisoma masta peke yake, angepewa fungu moja la kulipia ada, chumba na chakula, na lisingetosha. Kwake yeye mkupuo una maana. Lakini mtoto anayetoka Mwanza au Mombasa hana mkopo huo. Katika vyuo vikubwa vya Uingereza, ada ya mgeni kwa masomo ya maabara hupita pauni 30,000 kwa mwaka, ilhali mwenyeji wa England mwaka wa masomo 2025/26 alitozwa pauni 9,535. Mzazi wa huku anauza kiwanja kwa faida ya mtoto wa mwingine.

Na kuna mlango anaoupita bila kuutazama. Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, hulipia masta ya mwaka mmoja kwa mtu mwenye digrii na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili. Shahada ya mkupuo haimo. Aliyesoma baiolojia, fiziolojia au saikolojia nyumbani, akafanya kazi, anaweza kushindania masta hiyohiyo bila mzazi wake kuuza chochote.

Hayo ni ya mfukoni. Kinachonikera zaidi ni kwamba imani hii haiulizi kabisa mwaka wa nne una nini ndani yake. Miaka ya mwanzo ni ya msingi: seli ya neva, dawa na kemia za ubongo, takwimu, na jinsi umeme unavyosafiri ndani ya neva, jambo ambalo wanasayansi Hodgkin na Huxley walilieleza kwa hesabu mwaka 1952 baada ya kupima nyuzi nene za neva za ngisi, jamaa wa hawa tunaowakaanga Forodhani, Zanzibar. Mwaka wa nne ni maabara. Mwanafunzi anakata kipande chembamba cha ubongo wa panya, anakiweka katika maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni kisife, halafu kwa darubini anasogeza ncha ya kioo, nyembamba kuliko unywele, mpaka iguse seli moja na kuishika. Seli inakufa. Anaanza upya. Kesho mashine ina kelele za umeme, keshokutwa kipande chenyewe hakifai. Mwingine hagusi panya. Anakaa na kompyuta miezi akiandika programu za kuchambua picha za ubongo. Mwenye hamu ya kazi hiyo atafaidika sana, wala sina ugomvi naye. Asiye nayo atalipia mwaka mzima wa mateso ili aongeze herufi mbili tatu kwenye wasifu.

Watasema: bila masta hapati PhD. Si kweli. Uingereza programu nyingi za PhD hupokea mwenye digrii ya kwanza yenye daraja zuri, na Marekani kuingia moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza ni jambo la kawaida. Na waliotukuka katika fani hii hawakuifikia kwa mlango mmoja. Eric Kandel, aliyepata Nobel mwaka 2000 kwa utafiti wa kumbukumbu, alisoma kwanza historia na fasihi Harvard. John O'Keefe, aliyepata yake mwaka 2014 kwa kugundua seli zinazomjulisha panya yuko wapi, alitokea saikolojia.

Wala ubongo hausomwi Ulaya peke yake. Kilifi, Kenya, tangu 1989, taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI na mfuko wa Wellcome wana kituo ambacho kimechunguza kwa miaka mingi malaria inayopanda kichwani na kifafa kwa watoto. Uganda, mwaka 2011, Kampala International University ilipokea kozi ya neurosayansi iliyotumia nzi wadogo wa matunda, kwa sababu ni rahisi kuwafuga na bado wana ubongo wa kufundishia. Kijana aliyepitia kazi za namna hiyo kwanza anajua anafuata nini ng'ambo.

Kwa aliyekwisha kupata nafasi, kumbuka kwamba vyuo vingi huruhusu kuhama kutoka digrii ya kawaida kwenda MSci kabla ya mwaka wa tatu, alama zikitosha. Ingia kwa digrii ya kawaida. Omba kufanya kazi ya maabara wakati wa likizo. Ukiona unarudi mwenyewe hata seli zikifa, jaza fomu ya kuhama. Ukiona hurudi, maliza miaka mitatu na uondoke na pesa za mzazi wako.