Mitambo Yetu na Milango Isiyo na Komeo

Katika gazeti letu la muhula huu nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hapa Kisawasawa hulidhania kuwa ni la watu wa mbali.

Sisi tukaao chini ya milima ya Udzungwa tuna mitambo huku na huku. Kaskazini liko bwawa la Kidatu, ambalo umeme wake ulianza kutoka mwaka 1975, na nguvu yake ni megawati 204. Kusini-magharibi kuna Kihansi, megawati 180. Viwanda vya sukari navyo haviko mbali. Sisemi kuwa mtambo fulani wa bonde hili una ufa. Nasema juu ya mitambo ya namna hiyo ulimwenguni kote. Zamani iliongozwa kwa mikono. Siku hizi huongozwa na kompyuta ndogo zipelekeanazo amri kwa waya.

Lugha ambazo kompyuta hizo husemeana nyingine ni za kale. Modbus, iliyoenea sana, ilitungwa Marekani mwaka 1979, wakati mashine zote zilikuwa ndani ya ukuta mmoja na mgeni hakuwako. Kwa asili yake haiulizi, "Nani wewe?" Amri ikifika, hutekelezwa. Ni kama mlinzi wa shamba la miwa amfunguliaye kila apigaye hodi.

Wako wasemao kuwa mtambo usiounganishwa na intaneti hauna hofu. Sikubaliani nao. Programu mbaya iitwayo Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, ililenga mitambo ya Natanz kule Iran, nayo iliweza kusafiri ndani ya flashi, kitu ambacho hata sisi wanafunzi hutembea nacho mfukoni.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Ukraini. Tarehe 23 Desemba 2015 watu waovu waliingia katika kompyuta za makampuni matatu ya kugawa umeme. Walikuwa wamekwisha kuingia miezi mingi kabla, kwa barua zenye sumu zilizofunguliwa na wafanyakazi. Siku hiyo wakazima swichi moja baada ya nyingine, na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani. Kisha wakaharibu programu za visanduku viunganishavyo vituo vya umeme na mtandao, ili amri za kuwasha zisifike. Mafundi walifanyaje? Walipanda magari, wakaenda vituoni, wakawasha kwa mikono. Baada ya saa chache umeme ukarudi.

Hapo ndipo penye shauri langu. Ufundi wa mkono usidharauliwe. Najua kuziba nyufa za programu si kazi nyepesi, maana mtambo wa umeme hauzimwi na kuwashwa kama simu. Lakini kila mwaka mitambo husimamishwa kwa matengenezo, na siku hizo programu nazo zitengenezwe, si vyuma peke yake.

Kwa vijana wenzangu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuingia katika kompyuta ya mtu pasipo ruhusa, nami naiunga mkono. Ila naona pia kwamba kijana aonaye ufa kwa bahati, akaenda kumweleza mwenye mtambo, asipokewe kama mwizi. Akipokewa hivyo, wa pili atanyamaza, na ufa utabaki ukimngoja mwenye nia mbaya. Na wazazi wetu wasifikiri kuwa somo la kompyuta ni kujifunza kupiga chapa barua tu.

Namwomba Mwalimu Mkuu amwalike fundi mmoja kutoka Kidatu aje katika chama chetu cha majadiliano muhula ujao. Nitamwuliza hili: siku kioo cha kompyuta kikizimika, ni wangapi zamuni wajuao mahali palipo swichi ya mkono?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu