Nyumba Bora kwa Kipato cha Mkulima

Ukitembea vijijini siku hizi utaona jambo ambalo wazee wetu hawakuliona. Katika viwanja vingi mna nyumba mbili. Moja ni ya zamani, ya fito na udongo, na ndimo watu wanamolala. Ya pili ni ya matofali, kubwa, yenye vyumba vinne au vitano. Imefika usawa wa lenta, haina bati, haina sakafu, na ndani yake imeota mibarika. Mwenyewe akiulizwa hujibu, "Naendelea nayo kidogo kidogo." Hiyo kidogo kidogo huweza kuwa miaka sita, au kumi. Mtoto aliyezaliwa siku msingi ulipochimbwa amekwisha kuanza shule, na bado analala kule kwenye fito.

Ukurasa huu ni wa afya, nawe waweza kuuliza matofali na bati vimeingiaje hapa. Vimeingia kwa sababu maradhi mengi tunayoyapeleka zahanati huanzia ndani ya nyumba, usiku, tukiwa tumelala. Vimeingia pia kwa sababu ya fedha. Tumeambiwa mara nyingi tujenge nyumba bora. Hatujaambiwa vya kutosha ni sehemu zipi za nyumba hiyo zinazokinga mwili, na mwenye fedha kidogo aanze na ipi. Maoni yangu ni kwamba yafaa kwanza kujenga nyumba ndogo ikaisha, yenye sakafu ngumu na madirisha ya wavu, na kubwa ije baadaye. Serikali nayo, inapotamka maneno "nyumba nafuu", iangalie mfuko wa mkulima kabla ya kuangalia mshahara wa mjini.

Hebu tuutazame mfuko huo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kwa Tanzania Bara, kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Asiyefikia hapo alihesabiwa kuwa hawezi kupata chakula na mahitaji mengine ya lazima. Watu 26 katika kila 100 walikuwa chini ya mstari huo. Mijini walikuwa kama 16 katika kila 100, lakini vijijini walikuwa 31. Bei zimepanda tangu wakati ule, kwa hiyo usizichukue shilingi hizo kuwa za leo. Ninachotaka ukione ni hesabu yenyewe. Gawanya 49,320 kwa siku 30, utapata shilingi 1,644 kwa siku. Humo toa unga, mboga, chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Je, ya saruji itabaki wapi?

Tena fedha ya mkulima haiji kila mwisho wa mwezi. Huja baada ya mavuno, mara moja au mbili kwa mwaka, na mwaka wa ukame haiji kabisa. Benki hutaka marejesho ya kila mwezi, hutaka hati ya kiwanja, hutaka na karatasi ya mshahara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu nchini watu 61,741,120, wastani wa watu 4.3 katika kaya moja, yaani kaya kama milioni 14. Mikopo ya nyumba iliyotolewa na mabenki kwa nchi nzima huhesabika kwa maelfu machache tu. Hapo zamani tulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973, lakini ilifungwa mwaka 1995. Basi mkulima hujenga kwa jasho lake na kwa magunia aliyouza. Mtu wa namna hiyo hawezi kununua nyumba nzima kwa mara moja. Hununua vipande, na ndiyo maana mpangilio wa vipande hivyo ni jambo la uhai.

Wengi wenu mmesikia habari za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, hata kama mlikuwa hamjazaliwa. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia mazalio ya mbu. Walijifunza habari za malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kampeni ile husifiwa kwa sababu ya redio na kwa sababu ya umoja. Mimi naisifu pia kwa jambo ambalo halisemwi sana: iliwaomba watu kitu walichokuwa nacho. Choo cha shimo kilitaka jembe, miti na mikono. Nyumba bora ya leo inataka bati, misumari, saruji na nondo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochimbwa shambani. Ukimwambia mtu ajenge nyumba bora bila kumwambia atapata wapi fedha, umemlaumu tu kwa umaskini wake.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Mbu aenezaye malaria huuma zaidi usiku, na mlango wake mkubwa ni ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa. Huruka kufuata harufu ya watu, hugonga ukuta, hupanda juu, huingia. Katika sakafu ya vumbi hukaa funza. Katika nyufa za sakafu na kuta za udongo hujificha papasi, ambao hutoka usiku kunyonya damu na kuleta homa inayopoa na kurudi. Watu wa Dodoma na sehemu nyingine za kati waliolala katika tembe za zamani wanaujua ugonjwa huo vizuri. Moshi wa kuni usio na pa kutokea huumiza mapafu, na watoto wadogo hupata kichomi kwa urahisi zaidi. Na pale watu sita wanapolala katika chumba kimoja kisicho na dirisha, akiwamo mmoja anayekohoa kifua kikuu, hewa ile ile huzunguka kutoka kifua hadi kifua mpaka asubuhi.

Katika yote hayo, ukubwa wa nyumba unasaidia jambo moja tu, la msongamano. Mengine hutaka kuziba, kusakafia, kuweka wavu na kulitoa jiko nje. Hizo ndizo kazi ambazo sisi huziweka mwisho, fedha zikiwa zimekwisha kwenye kozi za matofali. Nyumba ya vyumba vitano bila sakafu wala dari inawakaribisha mbu na funza sawasawa na ile ya fito, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Bati nalo lina hila yake. Halivuji kama nyasi, na wadudu hawapati pa kujificha ndani yake. Lakini ukiziba juu ya ukuta chini ya bati bila kuweka madirisha makubwa, chumba huwa tanuru, na mwenye kulala humo hutupa chandarua pembeni kwa sababu ya joto. Kwa hiyo ziba juu, halafu fungua madirisha mawili yanayoelekeana, uyawekee wavu. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Gambia: katika nyumba zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, au zilizowekewa dari ya wavu tu, watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba za kawaida. Ni haki kusema pia kwamba jaribio jingine la huko huko, lililotolewa mwaka 2021, halikuona nyumba ya bati iliyozibwa ikiongeza kinga dhidi ya malaria kwa watoto waliokuwa tayari wanalala katika vyandarua. Maana yake chandarua hakiachwi, hata ukijenga ikulu.

Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio katika vijiji 60. Ni za ghorofa moja juu, watu hulala juu, kuta zake hupitisha hewa na kuzuia mbu, jiko lina njia ya moshi, na kuna choo na tangi la maji ya mvua. Ni nyumba nzuri. Lakini familia zinazokaa humo zilipatikana kwa bahati nasibu, hazikununua. Tusingoje bahati nasibu ije kwetu. Tuchukue kutoka nyumba zile mambo ambayo mfuko wetu unayafikia.

La kwanza kwa maoni yangu ni sakafu. Huko Mexiko, serikali ya jimbo la Coahuila ilianza mwaka 2000 kuzipa familia maskini zege la kusakafia vyumba, hadi mita 50 za mraba. Serikali ilileta zege, wenye nyumba wakatoa vyombo nje, wakasawazisha ardhi na kulitandaza. Wataalamu walipolinganisha watoto wa huko na wa miji jirani ambako mpango haukuwapo, waliona kwamba pale ambapo sakafu yote ya udongo ilibadilishwa minyoo ilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hawakuongeza chumba hata kimoja. Kuta zilibaki zile zile.

Chumba cha mita tatu kwa tatu, kikishindiliwa kokoto vizuri, chaweza kusakafiwa kwa mifuko mitatu au minne ya saruji, pamoja na kupiga lipu ya juu. Kwa kaya nyingi hiyo ni fedha ya msimu mmoja. Haihitaji miaka kumi. Anza na chumba wanacholala watoto.

Najua mtu atasema, "Nikijenga vyumba viwili watu watanicheka, na wageni nitawalaza wapi?" Heshima ni kitu kikubwa, wala siidharau. Mwambie fundi aache matofali yamejitokeza kama meno upande mmoja wa ukuta, ili mwaka ukikubali uunganishe vyumba vingine. Anayecheka nyumba ndogo hatakusaidia kulipa dawa za mtoto.

Serikali inaweza kufanya nini? Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa shilingi 20 kwa kilo moja ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mwenye kujenga ghorofa na mjane anayesakafia chumba kimoja hulipa sawa kwa kila mfuko. Juu ya hapo mkulima wa Kigoma hulipia na safari, kwa kuwa viwanda vikubwa viko Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Mbeya. Naona ni haki sehemu ya ushuru huo irudi vijijini kwa sura ya saruji ya sakafu, kwa kaya zitakazotajwa na mkutano mkuu wa kijiji mbele ya watu wote, ili ndugu wa mwenyekiti wasiwe wa kwanza. Kama jimbo moja la Mexiko liliweza, hili si jambo la ndoto.

Kuna pia asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Mikopo hiyo ni ya shughuli za uzalishaji. Basi kikundi cha vijana kikope mashine ya kufyatulia matofali ya kufungamana, yale ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, kiwauzie wanakijiji. Matofali hayo hayachomwi, kwa hiyo miti inabaki. Angalizo moja: shimo la udongo wa matofali lifukiwe. Likiachwa masika likajaa maji, kijiji kimejenga nyumba na kufuga mbu kwa wakati mmoja.

Na wewe mwenye fedha za mavuno au mgao wa kikundi mkononi, kumbuka kwamba bati, misumari na wavu havioti wala haviozi. Nunua hivyo mapema, uvitunze. Saruji usiinunue kabla fundi hajawa tayari, kwa maana ikikaa miezi mitatu, hasa wakati wa mvua, hupoteza nguvu na huweza kuganda mfukoni. Ukishamwaga sakafu, imwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba, uifunike kwa magunia, na usiruhusu kuku wala watoto kupita juu yake. Inayokauka haraka kwa jua hupasuka, na katika nyufa hizo papasi na funza hupata tena pa kukaa.