Bando limeliwa na nani?

Jumapili iliyopita hapa Mollo, kaka yangu alimgombeza mwanawe wa kidato cha pili. Bando la GB 5 lililonunuliwa asubuhi lilikwisha kabla ya chakula cha mchana. "Shangazi, mimi nimefungua maswali ya Baiolojia tu," mtoto aliniambia huku analia. Nikaiangalia kompyuta. Ilikuwa inajisasisha yenyewe, kimyakimya, kwa hotspoti ya simu ya baba.

Mzazi, kabla hujamlaumu mtoto, fungua Mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya Wi-Fi, bonyeza jina la hotspoti yako, kisha washa palipoandikwa "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri ruhusa yako.

Yasubiri tu, usiyafute kabisa. Mimi huandika habari za afya, na Mei 2017 siisahau: kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, wagonjwa wakaahirishiwa hata upasuaji. Kinga yake Microsoft walikwishaitoa tangu Machi! Kwa hiyo tenga siku moja kila mwezi, bando likiwa la kutosha, uiache kompyuta ipakue.

Sasisho likikwama, mara nyingi diski imejaa. Futa filamu za zamani, zima na uwashe, ujaribu tena. Likiwa linaendelea usizime, na betri iwe imejaa. Umeme wetu mnaujua.

Kaka amenunua bando jingine. Samahani kwa mtoto bado hajaitamka.