Kijana anatoka damu puani? Usikimbilie ‘kung’oa nyama’

Kijana wa kiume wa miaka 14 akitoka damu puani, nyumbani tunasema ni joto la Dar es Salaam. Mara nyingi si jambo kubwa. Pua imekauka au ameichokonoa.

Lakini mzazi, kama damu inajirudia na tundu moja la pua limeziba kwa wiki kadhaa bila mafua, mpeleke akachunguzwe. Upo uvimbe adimu uitwao anjiofibroma, unaoota nyuma kabisa ya pua, na karibu wote wanaoupata ni wavulana walio katika umri wa kubalehe. Si saratani. Hata hivyo, umejaa mishipa ya damu, na ukiachwa hutanuka kuelekea shavuni, kwenye jicho, hata ndani ya fuvu.

Mitaani hakosekani mtu anayedai kung’oa ‘nyama za puani’ kwa kuvuta au kwa dawa ya kunusa. Uvimbe huu ukivutwa unaweza kumwaga damu ya kuhatarisha maisha. Hata daktari akiushuku huepuka kukata kipande kwa ajili ya kipimo. Huchungulia kwa kamera nyembamba, kisha huagiza CT-scan au MRI.

Tiba yake kuu ni upasuaji, na mara nyingi hufanyika kwa kupitia matundu ya pua. Kabla ya hapo, wataalamu wanaweza kuziba mishipa inayoulisha uvimbe ili damu isipotee nyingi. Kwa kuwa unaweza kuota tena, usiache kumrudisha kijana kliniki hata akionekana amepona.

Uanzie wapi? Nenda zahanati au kituo cha afya cha karibu, na utaje dalili zote mbili kwa pamoja: damu na kuziba upande mmoja. Ulizia rufaa ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Wa Kinondoni wana Mwananyamala, wa Temeke wana hospitali yao ya rufaa ya mkoa, na juu yake ipo Muhimbili.

Damu ikianza kutoka, mkalishe, ainamishe kichwa mbele, abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 huku akipumua kwa mdomo. Asilale chali. Isipokata, wahini hospitali, hata kama ni usiku.